Kamera ya Mabamba na Usomaji wa Picha za Kale za Kongo

Picha za kale za Kongo zimerudi kusomwa kwa wingi. Vitabu vya historia huzichapa, maonyesho huzitundika ukutani, wanafunzi huzitia katika tasnifu zao. Na maelezo yanayoandikwa chini yake mara nyingi ni yale yale. Watu wana nyuso ngumu: basi walikuwa na hofu. Wamepangwa mistari kama askari: basi walishurutishwa. Ngozi zao ni nyeusi ti, hata sura hazitambulikani vizuri: basi mpiga picha alikusudia kuwadhalilisha. Mbingu haina wingu, na njia ya kijiji haina mtu: basi nchi ilikuwa tupu. Huenda baadhi ya hukumu hizi ni za kweli, kwa maana hofu, shurutisho na dharau vilikuwapo, na ushahidi wake umejaa katika maandishi. Lakini picha yenyewe haiwezi kuitwa shahidi wa mambo hayo kabla ya kuulizwa swali ambalo wanahistoria wengi huliruka: chombo kilichoitengeneza kiliweza nini, na hakikuweza nini?

Chombo hicho ni kamera kubwa ya mabamba ya kioo, ambayo ilitawala kazi ya picha katika Afrika ya Kati kuanzia miaka ya 1880 hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika studio za mjini iliendelea miaka mingi zaidi. Makala haya yanashikilia kwamba msomaji wa picha hizo hana budi kujua jinsi kamera hiyo inavyofanya kazi, na kwamba njia iliyo fupi kuliko zote ya kujua ni kuitumia. Anayeanza kujifunza kamera hiyo leo hukosea makosa yale yale waliyoyakosea wa kwanza; na kila kosa humfungulia jambo fulani katika picha za kale ambalo kitabu hakikumwonyesha.

Kwa umbo, kamera yenyewe ni kitu chepesi kueleweka. Ni fremu mbili za mbao zilizounganishwa na mvukuto wa ngozi au wa kitambaa kilichokunjwa-kunjwa. Mvukuto ndilo neno lenyewe, kwa kuwa hufunguka na kujikunja kama ule wa mhunzi, isipokuwa huu haupulizi hewa bali hufungia giza. Fremu ya mbele hubeba lenzi. Ya nyuma hubeba kioo kilichokwaruzwa kikawa cha ukungu. Kamera husimama juu ya miguu mitatu, na mpiga picha huingiza kichwa chini ya shuka jeusi ili aone mwanga hafifu uliotua juu ya kioo kile. Anachokiona humshangaza: watu wako kichwa chini miguu juu, na aliye kulia amekuwa kushoto. Hakuna kasoro hapo. Nuru husafiri kwa mstari mnyofu, nayo ikipita katika tundu hubadilishana pande. Mwanafunzi huhitaji siku kadhaa kabla ya macho yake kuzoea kupanga watu walio kichwa chini.

Kabla ya siku hizo, kuna kazi ya kukagua. Kamera iliyokaa miaka katika ghala la misheni au katika duka la vitu vikuukuu karibu kila mara ina matundu madogo katika pembe za mikunjo ya mvukuto. Huingizwa taa ndani yake katika chumba cha giza. Kila palipo na tundu huonekana nyota. Nyota hizo huzibwa kwa kitambaa cheusi na gundi. Asiyefanya hivyo hupata picha zenye mawaa meupe, naye hulaumu dawa bure.

Baadaye huja mpango wa bamba. Bamba limefungwa ndani ya kikasha chembamba chenye kifuniko cha kuchomoa. Mpiga picha akisha kupata ukali wa sura juu ya kioo cha ukungu, hufunga lenzi, hutia kikasha mahali pa kioo, huchomoa kifuniko, kisha hufungua lenzi kwa muda uliohesabiwa. Zamani wengi walifungua kwa kuondoa kofia ya lenzi kwa mkono na kuhesabu kimoyomoyo. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba, wakati picha inapopigwa, mpiga picha haoni tena kitu chochote ndani ya kamera. Kioo cha ukungu kimeondolewa ama kimefunikwa na bamba. Ametoka chini ya shuka, amesimama kando ya chombo chake, mkono juu ya lenzi, naye anamtazama uso kwa uso mtu anayempiga picha.

Watu katika picha za kale mara nyingi hawatazami lenzi. Hutazama kidogo kando yake. Maelezo ya vitabu huita mtazamo huo kuwa wa woga au wa kukwepa. Aliyesimama walau mara moja kando ya kamera ya mabamba anajua kwamba kando ya lenzi ndipo alipo mtu, na ni desturi ya mwanadamu kumtazama mtu kuliko kutazama sanduku. Picha hizo zimehifadhi mahali aliposimama mpiga picha.

Neno lenyewe linastahili kutajwa kwa kupita. Kiswahili cha pwani kilichukua picha kutoka Kiingereza. Huku Kongo, kwa njia ya Kifaransa, husemwa foto. Kitenzi hata hivyo ni kimoja, kupiga, kile kile cha kupiga pasi na kupiga simu. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambapo g mara nyingi hutamkwa k, husikika kupika foto, na mgeni wa kutoka Dar es Salaam hucheka. Aliyewahi kuingia chumba cha giza hana sababu ya kucheka: kuna vyombo vya maji, dawa zinazopimwa kwa gramu, joto linaloangaliwa, na chakula kikiharibika hakirudishwi sokoni.

Upishi huo ndio uliowashinda wa kwanza. Msafara wa Zambezi wa David Livingstone, ulioanza mwaka 1858, ulikuwa na mpiga picha rasmi, naye ni Charles, ndugu yake Livingstone. Kazi yake haikufanikiwa. Picha za msafara ule zinazojulikana zaidi leo ni za daktari wake, John Kirk, yule yule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja na kushughulikia mkataba wa mwaka 1873 na Sultani Barghash. James Augustus Grant naye alipiga picha mjini Unguja mwaka 1860, kabla ya kuingia bara pamoja na Speke. Safari ilipoanza kukaza, aliacha kamera akashika penseli na rangi, kwa sababu kazi ya dawa ndani ya hema, katika joto lile, ilimshinda nguvu.

Sababu ya kushindwa huko haikuwa uvivu. Njia iliyotumika sana wakati ule ilikuwa ya kolodioni, iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Bamba lilimiminiwa kolodioni, likatumbukizwa katika maji ya naitrati ya fedha, likapigwa picha likiwa bado limelowa, likasafishwa papo hapo. Likikauka kabla ya hapo halikufaa kitu. Kwa hiyo mpiga picha alihitaji chumba cha giza kila alipokwenda, pamoja na maji safi, na muda wake wote tangu kumimina hadi kusafisha ulihesabika kwa dakika. Etha iliyomo ndani ya kolodioni huruka upesi hata katika baridi ya Ulaya, sembuse katika hema bondeni mwa Zambezi saa sita mchana.

Mabadiliko yalitoka maabarani. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox, tabibu wa Kiingereza, alieleza namna ya kushikiza chumvi za fedha ndani ya gelatini, ili bamba litumike likiwa kavu. Wengine wakaiboresha njia hiyo; miongoni mwao ni Mbelgiji Désiré van Monckhoven, aliyeonyesha mwaka 1879 jinsi amonia inavyoongeza wepesi wa bamba kupokea nuru. Muda si mrefu viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vikiuza mabamba ndani ya maboksi, kama biskuti. Mpiga picha hakuhitaji tena kuwa mkemia barabarani. Aliweza kupiga leo na kusafisha baada ya juma, au baada ya mwezi, au kuyarudisha mabamba Ulaya yasafishwe huko. Ni vigumu kufikiri kwamba Dola Huru la Kongo, lililotambuliwa na mataifa mwaka 1885, lingepigwa picha nyingi kiasi kile kama boksi la mabamba makavu lisingalitangulia kwa miaka michache tu.

Ukavu haukuondoa uzito. Bamba la sentimita 13 kwa 18, lenye unene wa milimita moja na nusu, lina uzito wa gramu 90 hivi. Dazeni moja yazidi kilo moja. Mabamba 300, bila kuhesabu maboksi, vikasha, miguu mitatu wala chupa za dawa, ni mzigo mzima wa mpagazi mmoja. Basi katika kila mkusanyiko wa picha za safari za wakati ule kuna watu wasioonekana ambao mabega yao yalivibeba vioo, na kujikwaa kwao kungefuta majuma ya kazi. Kioo kilichovunjika pembe katika kumbukumbu nyingi kina habari ya njia kuliko ya picha.

Msafara wa kisayansi wa Katanga, ulioongozwa na Charles Lemaire kati ya mwaka 1898 na 1900, ni mfano mzuri wa kutazama kwa makini, kwa kuwa ulikuwa na watu wawili wa taswira: François Michel mwenye kamera, na Léon Dardenne mwenye brashi. Kazi zao zimehifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Msomaji wa leo hujiuliza kwa nini msafara uliokuwa na kamera ulimlipa pia mchoraji. Jibu ni rangi. Wala si kwa maana tu kwamba picha ya kamera ilikuwa nyeusi na nyeupe. Bamba la wakati ule lilikuwa na upofu.

Chumvi za fedha zikiwa peke yake huiona buluu, zambarau na miale ya urujuanimno. Kijani huiona kwa shida, na nyekundu haziioni kabisa. Ndiyo sababu mafundi walifanya kazi chini ya taa nyekundu bila kuyadhuru mabamba. Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua mwaka 1873 kwamba kuongeza rangi fulani katika utando kunaweza kulifungua bamba lione kijani, lakini mabamba ya kawaida, yaliyo rahisi na yanayovumilia, yaliendelea kuuzwa na kutumiwa kwa miongo mingi.

Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyosemwa. Mbingu ya buluu humwaga nuru nyingi mno juu ya bamba, ikatoka nyeupe pepepe. Mawingu humezwa humo. Kwa hiyo mbingu tupu ya picha za kale si ya kiangazi wala ya masika, bali ni ya gelatini. Udongo mwekundu wa Katanga, ambao mgeni yeyote huuona kabla ya kitu kingine, hutoka wa kijivu kizito. Ushanga wa buluu, uliokuwa fedha ya biashara katika sehemu nyingi za bara, hufanana na ushanga mweupe. Nkula, ule unga mwekundu wa mti ambao Waluba na majirani zao walijipaka katika ibada na sherehe, hugeuka kuwa weusi. Mtu aliyepambwa kwa wekundu wa heshima anaonekana kama aliyepakwa masizi, na mtafiti asiyejua huandika: masizi.

Ngozi ya mwanadamu nayo imo katika hesabu hii. Ngozi ya kahawia hurudisha nuru nyekundu na ya manjano kuliko buluu. Bamba lisiloona nyekundu huipokea kidogo tu ya nuru hiyo, likaandika weusi usiokuwapo, na ndani ya weusi huo likapoteza mikunjo ya uso, chanjo, na mng'aro wa jicho. Wazungu wenyewe walipatwa: madoadoa na wekundu wa jua katika nyuso zao hutoka kama uchafu. Lakini waliojipiga picha katika studio za Brussels walikuwa na fundi aliyejua kurekebisha bamba kwa penseli, na mtu wa kijijini hakuwa na fundi huyo. Hapa dharau na kemia vilishikana mikono, wala si rahisi kuvitenganisha. Linalowezekana ni kutokutoza kemia deni la dharau, wala dharau deni la kemia, bila kuchunguza picha moja baada ya nyingine.

Mwanafunzi anayeanza anaweza kuuona upofu huu kwa gharama ndogo. Filamu mpya za vipande vikubwa bado hutengenezwa Uingereza, Marekani na nchini Cheki, lakini bei yake haimfai anayejifunza, maana makosa ya mwanzo ni mengi. Wengi hukata karatasi ya kuchapia picha wakaitia ndani ya kikasha badala ya bamba. Karatasi hiyo haioni nyekundu, husafishwa chini ya taa nyekundu mbele ya macho, na wepesi wake wa kupokea nuru ni mdogo, karibu na ule wa mabamba ya kale. Wengine hutumia filamu za radiografia za hospitalini, ambazo nyingi huona kijani lakini nyekundu haziioni. Ila zina utando pande zote mbili, na ukucha ukizigusa zimeharibika. Atakayempiga picha jirani yake aliyevaa kanga nyekundu yenye maua ya buluu kwa karatasi hiyo ataona, dawani, kanga nyeusi yenye maua meupe ikijitokeza. Tangu hapo hataandika tena juu ya vazi la mtu wa mwaka 1899 kwa haraka.

Atajifunza pia muda. Kwa karatasi ya namna hiyo, jua kali la mchana, tundu la lenzi likiwa limefungwa hadi f/22, huhitajika kama theluthi moja ya sekunde. Kivulini, sekunde mbili au tatu. Na kwa nini afunge tundu kiasi hicho? Kwa sababu kamera kubwa hutumia lenzi ndefu, na lenzi ndefu iliyofunguliwa wazi huona kwa ukali mahali pembamba sana: macho yakiwa makali, masikio yamekwisha kuingia ukungu. Kikundi cha watu 20 waliosimama ovyo, wengine mbele wengine nyuma, hakitatoka kwa lenzi iliyofunguliwa hadi f/8. Kuna njia mbili za kujiokoa. Ya kwanza ni kufunga tundu hadi f/22, na muda ukaongezeka mara nane. Ya pili ni kuwapanga watu katika mistari iliyonyooka, wote wakiwa na umbali mmoja toka kwenye lenzi. Wapiga picha wengi walitumia njia zote mbili kwa pamoja. Basi ule mpango wa kiaskari, uliofafanuliwa na wengi kuwa ni alama ya utawala wa kikoloni, ulitumika vile vile kwa maharusi wa Liège na kwa wanakwaya wa Lyon.

Muda mrefu hauhifadhi tabasamu. Atakaye kujua na ajaribu kutabasamu sekunde tatu bila kutikisika, atajisikia mashavu yakimtetemeka. Uso wa kupumzika ndio unaodumu, na uso wa kupumzika huonekana mgumu. Katika studio za Ulaya kulikuwa na chuma cha kushika kisogo ili kichwa kisicheze. Shambani hapakuwa na chuma, palikuwa na subira tu. Asiyesubiri alifutika. Mtoto aliyekimbia mbele ya nyumba hubaki kama moshi, na aliyepita upesi zaidi habaki kabisa. Kijiji kinachoonekana kitupu mara nyingine kilikuwa na watu waliokuwa wakienda zao.

Yote haya yangeweza kuonekana kama kuwatetea wapiga picha wa kikoloni. La hasha. Chombo hicho hicho, kwa sababu ya uzito na upole wake, kilitumika kuishtaki serikali iliyokileta. Herzekiah Andrew Shanu, mzaliwa wa Nigeria ya leo mwaka 1858, alifika Boma mwaka 1884, akawa mtumishi wa serikali ya Dola Huru, na mwaka 1893 akaacha kazi hiyo ili aendeshe biashara zake, kupiga picha ikiwa mojawapo. Picha zake zilichapishwa katika gazeti la Le Congo illustré huko Brussels. Alikuwa mtu wa kuaminiwa na watawala, hata alipoanza kumpa Roger Casement, mwaka 1903, habari za mateso ya wafanyakazi wa Afrika Magharibi katika Kongo, kisha akampelekea hati mwandishi E. D. Morel, aliyeongoza harakati za kuipinga serikali ya Leopold. Alipogunduliwa, watumishi wa serikali walikatazwa kununua kwake. Biashara ikafa, na Julai 1905 akajiua. Historia ya picha za Kongo huanza mara nyingi na majina ya wasafiri wa Kizungu. Shanu alikuwa na kamera Boma kabla Michel hajakanyaga Katanga.

Mwaka 1904, huko Baringa, Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha mtu aliyeitwa Nsala, ameketi barazani akitazama mkono na unyayo wa binti yake, Boali, mwenye umri wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo imechapishwa mara nyingi. Kuna wanaoiona imepangwa mno: umbali ule, utulivu ule, mwili ulioelekezwa upande. Hapana shaka ilipangwa. Watu wengine walionyang'anywa viungo vyao walipigwa picha wakiwa wamevikwa au wamewekewa kitambaa cheupe nyuma ya mkono uliokatwa. Aliyesoma sehemu ya juu ya makala haya anajua kwa nini. Bamba lililozamisha ngozi katika weusi lingemeza pia jeraha lililo mbele ya kifua. Palihitajika weupe wa kulikata umbo hilo wazi, lisiweze kukanushwa. Na wakanushaji walikuwapo: kuhusu kijana Epondo, ambaye Casement alimtaja, upande wa serikali ulidai kwamba mkono wake uliliwa na nguruwe mwitu. Mpango, basi, haukuwa uongo. Kwa chombo cha namna ile, picha isiyopangwa isingesema lolote.

Na yule aliyeketi ilimlazimu kukubali. Hili ndilo ambalo kamera ndogo za baadaye zilifanya lisahaulike. Kwa kamera ya mkononi mtu huweza kuibiwa sura yake akipita. Kwa kamera ya miguu mitatu huwezi kumwibia asiyetulia. Nsala alitulia mbele ya lenzi, na viungo vya mwanawe mbele yake, kwa muda wote ambao mwanamke yule alikuwa chini ya shuka, kisha akatoka, akatia bamba, akafungua. Kushurutishwa kutulia kunawezekana, na picha nyingi za magereza na za vipimo vya mafuvu zilipatikana hivyo. Hapa hakushurutishwa. Alikuja misheni na ushahidi wake, akaketi ili uandikwe. Picha kama hiyo, ikigeuzwa kuwa slaidi ya kioo na kuonyeshwa kwa taa kumbini, ilisaidia kuamsha watu Uingereza na Marekani, hadi mwaka 1908 Leopold wa Pili alipolazimika kuiachia Ubelgiji nchi aliyoiita yake.

Slaidi na mabamba vina hila moja zaidi ambayo mtafiti hana budi kuikumbuka. Kioo kina pande mbili. Kikichapwa au kuonyeshwa kwa upande usiopasa, kulia huwa kushoto. Mkono uliokatwa huhama. Vitabu vimefanya kosa hilo mara nyingi. Dawa yake ni kutafuta vifungo vya shati, maandishi ya sanduku, au mkono ulioshika mkuki. Upande wa utando haung'ai, wa kioo hung'aa. Bamba hushikwa kwa kingo, huwekwa wima kama kitabu rafuni, wala halioshwi kwa maji na mtu asiyefundishwa. Gelatini hulainika katika maji yenye joto la nyuzi 30, ndiyo maana wa zamani walisafisha usiku wa manane, na wakatia shabu ili kuikaza, ile shabu ya sokoni ya kutulizia maji ya matope.

Sammy Baloji, msanii wa Lubumbashi, pamoja na Patrick Mudekereza, walizifanyia kazi taswira za Michel na Dardenne huko Tervuren, na maonyesho yao yakafunguliwa mwaka 2011. Waliziweka rangi za mchoraji na mabamba ya mpiga picha katika mahali pamoja, na macho ya Katanga ya leo yakazitazama. Ni kazi ya wasanii, lakini wanahistoria wangefaidika nayo kwa njia isiyo ya kisanaa kabisa: palipo na rangi ya Dardenne, weusi wa Michel huweza kusahihishwa.

Mabamba mengi yalikwenda Ulaya. Picha nyingine zilichukua njia nyingine. Mwaka 1939 Antoine Freitas, mpiga picha kutoka Angola, alikuwa Kasai na kamera ya sanduku, aliyoitembeza kutoka mahali hadi mahali. Ndani ya sanduku la namna hiyo mlikuwa na karatasi badala ya bamba, pamoja na vyombo vya dawa. Fundi alitia mkono kupitia mfuko wa kitambaa, akasafisha humo humo gizani, akapata negativu ya karatasi. Kisha akaitundika negativu mbele ya lenzi na kuipiga picha tena, ili weusi uwe weupe na weupe weusi. Upofu wa nyekundu ulikuwa ule ule, muda wa kutulia ule ule. Lakini mteja alisimama pale akingoja, akalipa, akaondoka na karatasi yake ikiwa bado imelowa, naye ndiye aliyechagua nguo ya kuvaa.